Kilima Nyuma ya Tangi

Watu wengi huomba wasifiwe. Rula aliomba asisifiwe tena kwa neno moja tu, nalo ni "inafanana". Mtu angeingia sebuleni kwake, aitazame picha ya kilima ukutani, ageuke atazame kilima chenyewe dirishani, airudie picha, kisha atoe hukumu yake kwa bashasha: inafanana kabisa. Wengine walizidisha, wakasema utadhani imepigwa na kamera. Rula angeshukuru kwa adabu, amkaribishe mgeni kiti, halafu akose raha mpaka mgeni aondoke.

Jina la Rula hakupewa na mama yake. Alipewa ofisini, katika idara ya upimaji ardhi, alikochora ramani tangu ujana hadi alipostaafu na ndevu zake nyeupe. Mkono wake haukujua kutia chumvi. Barabara ikipinda, aliipinda vilevile ilivyo, na kijito kikikauka alikifuta bila huruma. Siku ya kumuaga, wenzake walimpa rangi na brashi, nadhani kwa kukosa wazo jingine, naye akaona ameitwa. Alisimamisha stendi ya kuchorea mbele ya dirisha kubwa la sebule, akakielekea kilima kilichoko ng'ambo ya mji, akakichora. Alipomaliza akakichora tena. Miti ilitimia, mawe yalikaa mahali pake, na ungeweza kupanda kilimani kwa kufuata picha ile usipotee. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupangusa hata chozi moja mbele yake.

Na chozi ndilo alilolitaka. Hilo ndilo jambo moja lililokuwa likimkosesha usingizi mzee wa watu: kwamba siku moja, kabla hajafa, mtu asimame mbele ya kilima chake na aguswe moyo.

Aliyemtia kiherehere hicho alikuwa Mratibu, bwana aliyepanga maonyesho kwenye jumba la sanaa la mjini, ambaye alivaa skafu hata joto likiwa la kuoka mikate. Rula alimpelekea picha zake zikiwa zimefungwa kwenye shuka safi. Mratibu alizitazama moja moja, akazirudisha kwenye shuka kwa mikono yake mwenyewe, na akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Mzee wangu, kilima nakiona. Wewe sikuoni."

Rula alirudi nyumbani amenywea. Alitafakari neno lile siku kadhaa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisi, akalitafutia utaratibu. Kama tatizo ni hisia, basi hisia zitiwe. Kila ramani ina ufunguo wake: buluu ni maji, kijani ni msitu. Kwa nini moyo nao usiwe na wake? Akaamua nyekundu iwe hasira, buluu iwe huzuni, manjano iwe matumaini na kahawia iwe majuto. Kisha akapanga muda wa kuhuzunika, baada ya chai ya asubuhi, akikaa kumkumbuka marehemu mama yake. Kumkumbuka alimkumbuka vizuri sana, ila brashi ikishagusa kitambaa iliuliza swali lake lilelile: huo mti wa tatu uko wapi? Alipomaliza, kilima kilikuwa nusu chekundu nusu buluu, mpaka kati yao umenyooka, na chini pembeni kulikuwa na kisanduku kidogo cha ufunguo kwa maandishi safi, asije mtu akachanganya.

Mratibu aliinama akasoma kisanduku. Mabega yake yakatikisika ndani ya skafu. Alipojimudu, akauliza kama huzuni imechorwa kwa skeli ileile ya hasira, na Rula, kwa kuwa hakuzoea kudhihakiwa, akaanza kumfafanulia.

Sasa, mtu huyu alikuwa na mke. Mtaa mzima ulimwita Bi Fundi. Aliketi kwenye chumba kidogo cha pembeni akishona majoho meusi ya mahafali, yaani uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mwaka hadi mwaka. Chumba hicho na sebule vilitazama upande mmoja, lakini mbele ya kidirisha chake jirani alikuwa amesimamisha tangi la maji, jeusi, limekaa juu ya nguzo za zege, na ubavuni mwake akapandisha ukuta. Mwanga uliobaki kuingia ulikuwa wa kuombwa. Macho ya Bi Fundi nayo hayakuwa yale ya zamani. Uzi ukimshinda aliita, "Mzee, njoo unitungie uzi," na Rula angekuja na brashi mkononi, uso ameukunja, angetunga, angerudi kwenye kilima chake.

Si kwamba Bi Fundi hakusema. Aliomba cherehani ihamie dirisha kubwa. Akaomba nusu ya dirisha. Rula alimweleza kwa subira, maana alikuwa na subira nyingi sana ya kueleza kwa nini wengine wavumilie. Alisema mwanga wa dirisha haukatwi vipande kama kitambaa, na kwamba kushona ni kazi ya mikono, kuchora ni kazi ya macho. Maneno hayo alimwambia mwanamke aliyeshika sindano karibu na ncha ya pua yake. Bi Fundi akarudi kwenye cherehani yake, na Rula akadhani amekubali.

Siku aliyotoka kuchekwa na Mratibu, Rula alikuwa amesimama mbele ya dirisha akikitazama kilima kwa uchungu, ndipo sauti ikaita kutoka chumba kidogo. Hakwenda. Ikaita tena. Ya tatu alijibu bila kugeuza kichwa.

"Kilima hakiningoji, mke wangu."

Cherehani ikanyamaza. Bi Fundi akaja mpaka mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni.

"Kilima hakijawahi kwenda popote," alisema. "Anayeweza kwenda ni mimi."

Asubuhi yake akafunga virago. Aliing'oa cherehani kwenye meza yake, akaifunga kwa shuka, akaita teksi, akahamia kwa mdogo wake ng'ambo ya soko, kwenye kibaraza chenye mwanga mpaka basi. Meza na kigoda akaviacha. Hakubamiza mlango. Rula alisema baadaye kwamba angeubamiza ingekuwa afadhali.

Utasema, haya, hisia si hizo zimekuja zenyewe? Naye, Mungu amsamehe, alisema vivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza ya upweke wake aliwahi kwenye stendi hata kabla ya chai, asije akaukosa uchungu ukiwa wa moto. Akachora. Kikatoka kilima. Mti wa tatu ulikuwa mahali pake.

Siku hizohizo Daktari wa zahanati ya mtaani, mama mmoja mwenye haraka zake, alimwagiza picha kubwa ya kutundika kwenye chumba kipya cha kusubiria. Alitaka kitu cha kutuliza, kilima kijani na anga safi, kwa sababu wagonjwa wa presha hukaa pale muda mrefu. Rula akavimba kichwa. Aliwamba kitambaa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuwamba, akavaa shati lake la kutokea, akaenda kwa shemeji yake kumpa mkewe habari hizo.

Shemeji alimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Bi Fundi akatokea na pini mdomoni, akasikiliza habari ya zahanati mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Rula akauliza anarudi lini nyumbani. Bi Fundi akazitoa pini, akasema atarudi siku mumewe atakapoelewa alichokuwa akiombwa. Rula akasema ameshaelewa, ni habari ya dirisha. Bi Fundi akazirudisha pini mdomoni na kwenda zake kibarazani, akamwacha na kikombe chake cha chai.

Wakati wa kuinuka kitini kwa shemeji, kifungo cha shati la kutokea kilikatika. Alikitia mfukoni na kurudi nacho nyumbani. Alasiri ileile aliingia chumba kidogo kutafuta sindano, akaketi kwenye kigoda cha mkewe, na kuanza kutunga uzi.

Uzi haukuingia. Akaulamba ncha, akajaribu tena, ukapita pembeni. Akasogeza sindano karibu, akaisogeza mbali, akaigeuzia kidirishani. Huko nje lilikuwapo tangi tu. Mkono ulioweza kuchora mto mwembamba kuliko unywele sasa ulikuwa ukilikosa tundu la sindano, macho yakaanza kumtoka machozi ya kawaida kabisa, yale ya kuchoka. Ikabidi ainue uso ayapumzishe.

Na alipouinua aliona mahali ambapo mkewe alikuwa akiyapumzisha yake. Tangi lilijaa dirisha zima, jeusi, likitokwa na jasho kwenye maungio. Upande wa pili kulikuwa na ukuta. Katikati ya hayo mawili palibaki mwanya, mwembamba kama mkanda wa kupimia, na ndani ya mwanya kilikuwamo kilima. Si kilima chote, kipande tu cha bega lake, na jua la alasiri lilikuwa limeketi hapo. Kilikuwa kizuri kupita kilima chote kizima alichokitazama sebuleni miaka yote ile. Na alipojisogeza kidogo ili akione vizuri zaidi, kikapotea. Ilikuwa lazima mtu akae palepale, mgongo umepinda vilevile, ndipo akione.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amemnyima dirisha kwa sababu ya kilima, kumbe kilima chenyewe mkewe alikipenda kama yeye, na kwa miaka yote alikitazama kwa kupenyeza jicho. Hakuwahi kusema, au labda alisema na Rula alikuwa anahesabu miti. Mzee akakaa pale na shati mapajani, akalia sasa machozi yale mengine.

Kisha akafanya alilolijua. Alikileta kile kitambaa kikubwa cha zahanati, akakisimamisha ukutani kwa kuwa stendi haikuenea mlangoni, akarudi kwenye kigoda. Alichora tangi. Alilichora jeusi kuliko lilivyo, likainama kuliko linavyoinama, kwa maana alilichukia kwa moyo wote. Ukuta aliuvuta ukaribie. Katikati akaacha ule mwanya, na humo akaweka bega la kilima kwa mwanga wote aliokuwa nao kwenye rangi zake. Hakupima kitu. Rula yenyewe ilikuwa sebuleni, na hakukumbuka kwenda kuichukua. Alichora hivyo alasiri baada ya alasiri, jua likifika, mpaka siku Daktari alipotuma mtu kuuliza.

Daktari alipoiona alishika kiuno. Akauliza kilima kiko wapi, akaonyeshwa. Akauliza anga safi iko wapi, hakuonyeshwa. Lakini ukuta ulikuwa mtupu na wageni wa uzinduzi wako njiani, ikatundikwa. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo Mratibu, aliyealikwa kwa kuwa ni mtu wa mambo ya sanaa. Alisimama mbele ya picha, akailegeza skafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na kisha akawageukia watu na kuwaeleza. Weusi ule, alisema, ni mauti. Ukuta ni umri. Na ule mstari wa nuru ni uhai wa binadamu, unaobanwa pande zote mbili na bado unang'aa. Watu wakaguna kwa mshangao. Rula alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi, na hotuba ilipokwisha, mauti na umri vilikuwa vimemkaa hivi kwamba hata yeye alianza kuamini kuwa alivipanga. Kuhusu tangi hakusema kitu. Nani asimame mbele ya hadhara ile akatamke tangi?

Basi ikawa kama alivyoomba, tena kupita kiasi. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliitazama, akavua kofia, akafuta macho. Mama mwingine alisema inamkumbusha binti yake aliye mbali. Nesi alikwenda kwa Daktari kulalamika kwamba wagonjwa wanaokaa wakiielekea picha presha zao ziko juu kuliko za wanaoipa kisogo. Daktari alitaka ishushwe, wagonjwa wakakataa. Mratibu naye akaagiza picha nyingine za namna ileile, nyingi kadiri mzee atakavyoweza, kwa ajili ya maonyesho yake. Rula akahamishia vifaa vyake vyote chumba kidogo, hata stendi aliikata miguu ipite mlangoni. Asubuhi alikwenda zahanati, akaketi benchi la nyuma, mzima wa afya, akiwatazama watu wanavyoguswa. Hicho ndicho alichokitaka maishani. Akirudi nyumbani alikula chakula cha jana amesimama, shati la kutokea bado halina kifungo, na machozi ya watu wote wa zahanati hayakumfaa kitu.

Asubuhi moja alikuwa benchi lake la nyuma alipomwona shemeji yake akiingia kupima presha, na nyuma yake Bi Fundi, amemsindikiza, mkoba umejaa vipande vyeusi vya joho. Rula akaanza kuinuka, akaketi tena. Bi Fundi hakumwona. Alikuwa ameiona picha.

Alisimama mbele yake muda mrefu hata nesi akamwomba apishe njia, akapisha hatua moja na kuendelea kutazama. Aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akapinda mgongo kidogo. Rula aliujua mkao ule, kwa kuwa alikuwa ameukaa. Mwishowe akageuka kutafuta mahali pa kuketi, wakatazamana. Akaja akaketi pembeni yake kwenye benchi.

"Inafanana," alisema.

Rula akafumba macho. Neno lililomchoma tangu ashike brashi lilishuka taratibu kifuani, na palipokuwa pakiuma pakaacha kuuma. Nesi, alipomwona mzee amefumba macho na kupumua kwa nguvu, alimfunga mkono kipimo cha presha bila kuuliza, akasoma, akasema iko juu kidogo lakini si ya kutisha.

"Uliketi kwenye kigoda changu," Bi Fundi akasema nesi alipoondoka.

"Niliketi. Mpaka mgongo ukaniuma."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Muongo wewe. Huanza kuuma siku ya pili."

Rula akakiri ni siku ya pili. Kisha, kwa sauti ambayo wagonjwa wa benchi la mbele waliisikia vizuri tu, akasema dirisha kubwa liko wazi, amehama, alichukue lote. Bi Fundi alimtazama kwa jicho la kupimia nguo. Habari za Mratibu na maagizo yake zilikuwa zimeshafika ng'ambo ya soko.

"Umehama kwa ajili yangu, au kwa ajili ya tangi?"

Mwanamume mwingine angejua la kujibu hapo. Rula alichora ramani maisha yake yote, na mpaka hawezi kuusogeza.

"Kwa vyote viwili."

"Nusu kwa nusu?"

Alifikiri kwa dhati, akihesabu moyoni.

"Tangi limezidi kidogo," alisema.

Bi Fundi akaangua kicheko mpaka shemeji mtu akachungulia kutoka chumba cha daktari. Alicheka akafuta macho kwa kipande cha joho, akashika tumbo, akacheka tena. Miaka mingi alimnyima mwanga, alisema, na sasa giza lenyewe limepata soko, analitaka nalo liwe lake. Rula akampokea mkoba wa vipande vya joho akaubeba, na huenda ndiyo hekima kubwa aliyowahi kuionyesha katika ndoa ile.

Cherehani ilirudi kwa teksi siku ileile, ikawekwa mbele ya dirisha kubwa, kilima kizima mbele yake. Bi Fundi alikitazama mara moja, akasema kumbe ni kikubwa hivyo, akainama kwenye kazi, maana majoho yalikuwa yamerundikana. Katika chumba kidogo Rula aliketi kwenye kigoda akaanza picha mpya. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Tangi lilikuwapo, mwanya ulikuwapo, jua lilikuwa likija. Hata hivyo brashi ilisitasita. Alikuwa akisikilizia kitu. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikakaa kimya kwa muda wa kutunga uzi, ikaendelea. Ikasimama tena, ikaendelea. Hakuna aliyeita.

Alivumilia hivyo mpaka akashindwa. Aliweka brashi, akatoka, akasimama mlangoni pa sebule, mikono haijui pa kukaa.

"Hukuniita?" akauliza.

Bi Fundi aliinua uso. Sindano ilikuwa mkononi mwake, uzi umeshapita tunduni, kwa mara moja tu, kwenye mwanga ule mzuri. Alimtazama mumewe, akalitazama lile shati lisilo na kifungo. Kisha akauchomoa uzi kwenye sindano, akamnyooshea vyote viwili.

"Nilikuwa nataka kuita," alisema.